Linnaeus: Kabati lake lilivunjika, majina yakabaki

WENGI wetu tumewahi kukiona kirukia bila kukitazama. Ni kile kichaka cha kijani kinachoning'inia juu ya tawi la mgunga au la mti wa matunda, kisicho na mzizi hata mmoja ardhini, kinachonyonya maji na chumvi za mti uliokibeba. Ndege hula tunda lake, hupangusa mdomo kwenye tawi jingine, na mbegu yenye utomvu wa kunata hubaki pale hadi iote. Kwa karne nyingi mmea huu uliwatatiza wasomi wa Ulaya. Walijiuliza iwapo ulikuwa mmea kamili, maradhi ya mti, au chipukizi la ajabu lililozuka lenyewe bila mbegu.

Aliyekipa kirukia cha Ulaya jina linalotumiwa na wanasayansi wa dunia nzima hadi leo, na kukitafutia mahali katika orodha ya viumbe, ni Carl Linnaeus, daktari na profesa wa Uswidi aliyefariki 1778. Jina hilo ni Viscum album. Mahali alipokiweka palikwisha kubomolewa zamani, na waliokuja baada yake wamekihamisha zaidi ya mara moja. Jina halikuhama.

Linnaeus alizaliwa Mei 23, 1707, katika kitongoji cha Råshult, jimbo la Småland, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa kasisi wa Kilutheri na mpenzi mkubwa wa bustani. Watu wa kijijini siku hizo hawakuwa na majina ya ukoo. Kila mtu aliitwa mwana wa fulani. Nils alipoingia chuo kikuu alilazimika kujichagulia jina, akaliunda kutokana na mti mkubwa aina ya lindi uliokuwa katika shamba la jamaa zake. Hivyo, mtu ambaye angekuja kuipa majina mimea ya ulimwengu alirithi jina ambalo mmea uliupa ukoo wake.

Shuleni mjini Växjö kijana huyo hakuwa wa kutajika. Wazazi walimtaka awe kasisi, lakini alitoroka vitabu vya dini akawa anazurura malishoni akichuma maua. Mnamo 1726 walimu walimweleza baba yake kwamba mwana hakufaa kwa masomo ya juu, na kwamba ingekuwa heri afunzwe kazi ya mikono. Aliyemnusuru ni Johan Rothman, daktari na mwalimu wa mji huo, aliyeona kwamba aliyeshindwa na teolojia huenda akaiweza tiba. Siku hizo daktari alihitaji kuzijua dawa za miti kama mganga wetu anavyozijua. Rothman ndiye aliyemfahamisha jambo ambalo Mfaransa Sébastien Vaillant alikuwa amelitangaza mwongo mmoja kabla: kwamba mimea ina uume na uke, na ua ndilo chumba cha ndoa.

Wazo hilo halikumtoka tena. Aliingia Chuo Kikuu cha Lund mwaka 1727, akahamia Uppsala mwaka uliofuata akiwa maskini kiasi cha kutia karatasi ndani ya viatu vilivyotoboka. Mwaka 1729 mwanateolojia mzee, Olof Celsius, alimkuta katika bustani ya chuo, akashangazwa na kijana aliyejua jina la kila kijimea, akamkaribisha nyumbani kwake. Kwa shukrani Linnaeus alimwandikia kijitabu kuhusu ndoa za mimea. Muda si muda, mwanafunzi huyo ambaye hakuwa na shahada alikuwa akiwafundisha wenzake bustanini.

Mwaka 1732 alisafiri hadi Lapland, kaskazini kabisa, akaishi miongoni mwa Wasami wafugao paa wa theluji, na kurudi na shehena ya mimea na maandishi. Miaka mitatu baadaye alikwenda Uholanzi kutafuta shahada ya udaktari, maana baba ya mchumba wake hakutaka kumwoza binti kwa mtu asiye na kazi. Shahada aliipata katika mji wa Harderwijk kwa siku chache tu. Tasnifu yake ilihusu homa za vipindi, yaani malaria, na ilidai kwamba chanzo chake ni chembe za udongo wa mfinyanzi zinazoingia mwilini kwa maji ya kunywa. Mbu hakutajwa. Msomaji wa Kisumu au Kilifi atatabasamu, lakini ingepita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya ukweli kujulikana.

Mwaka huohuo wa 1735 alichapisha mjini Leiden kitabu chembamba, kurasa kumi na moja pana, kiitwacho Systema Naturae. Ndani yake alipanga mawe, mimea na wanyama wote kwa majedwali. Alikuwa na umri wa miaka 28. Rafiki yake wa chuoni, Peter Artedi, aliyekuwa akiwapanga samaki kwa mtindo huo, alitumbukia katika mfereji wa Amsterdam usiku mmoja mwaka huo akafa maji. Linnaeus alimalizia na kuchapisha kazi ya marehemu. Tajiri mmoja, George Clifford, alimwajiri kuitunza bustani yake ya Hartekamp, na huko mwaka 1736 alifaulu kuufanya mgomba uchanue na kuzaa katika nyumba ya vioo. Wazungu walikuja kuutazama mkungu wa ndizi kama watu wanavyokwenda kutazama ndovu.

Sasa turudi kwa kirukia, kwani ndicho kinachotuonyesha jinsi akili ya Linnaeus ilivyofanya kazi, na pale ilipokwama.

Mpango wake wa mimea ulikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Hesabu stameni, yaani viungo vya kiume ndani ya ua, na utalijua kundi la mmea. Kulikuwa na makundi 24. Yenye stameni moja iliingia kundi la kwanza, yenye mbili kundi la pili, na kuendelea. Ua lenye stameni nyingi alilieleza kama mke aliyeolewa na waume wengi chumbani mwake. Kundi la mwisho lilikuwa la mimea ambayo ndoa yake imefichika, kama kuvu, kangaga na mwani. Hakukuwa na haja ya kuwa profesa. Mtoto mwenye macho na vidole vya kuhesabia angeweza kuutumia mpango huo msituni.

Kundi la 22 alilitenga kwa mimea ambayo mume na mke huishi nyumba mbalimbali. Mkulima wa mipapai anaelewa jambo hilo bila kuambiwa: kuna mpapai dume unaotoa maua tu, na kuna mpapai jike unaozaa. Kirukia cha Ulaya kiko hivyo. Kichaka kimoja hutoa maua ya kiume na kingine ya kike, na ni cha kike pekee kinachozaa vile vitunda vyeupe kama lulu. Linnaeus alitazama ua la kiume, akakuta sehemu nne za chavua zilizogandamana na petali nne, na hapo kesi ikaisha: kundi la 22, fungu la stameni nne.

Tazama basi majirani aliopewa. Ndani ya kundi hilohilo, kwa sababu tu ya ndoa za nyumba mbili, kulikuwa na mpapai, bangi, mchicha wa Kizungu na viazi vikuu. Katika fungu lake lenyewe alikaa na kichaka cha miiba cha pwani za Ulaya chenye matunda ya rangi ya chungwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye na udugu wa karibu na kirukia. Ni kama kuwapanga watu wa mji mzima kwa idadi ya vifungo vya shati na kudai kwamba wenye vifungo vinne ni wa ukoo mmoja.

Haki itendeke: Linnaeus mwenyewe alilijua hilo. Aliuita mpango wake wa kubuni, ngazi ya kupandia tu, na mara mbili, mwaka 1738 na 1751, alichapisha orodha ya makundi aliyoyaona kuwa ya kimaumbile, yenye udugu wa kweli. Hakuweza kueleza kanuni yake. Alihisi undugu bila ya kuwa na namna ya kuuthibitisha, na nadharia ya Darwin ilikuwa bado zaidi ya miaka mia moja mbele.

Kitu kilichodumu alikiandika pembeni, kwa maana halisi ya neno hilo. Kabla yake, jina la mmea lilikuwa sentensi. Ili kukitaja kirukia ilibidi mtu aeleze kwa Kilatini umbo la majani yake, jinsi shina linavyogawanyika mara mbili mbili, na mahali maua yanapojitokeza. Kila spishi mpya ilipogunduliwa, sentensi zote zilirefuka ili kuitofautisha. Katika kitabu chake kikuu, Species Plantarum, cha mwaka 1753, kilichokusanya karibu spishi 6,000 katika mabuku mawili, Linnaeus aliziacha sentensi hizo mahali pake, lakini pambizoni akatia neno moja tu kwa kila mmea, kama mtu anayejiwekea alama ya kukumbukia. Kwa kirukia neno hilo lilikuwa album, yaani nyeupe, kwa ajili ya matunda yake. Likiunganishwa na Viscum, jina la ukoo, likatosha.

Neno Viscum lenyewe halikuwa lake. Warumi walilitumia kwa maana mbili, kirukia na ulimbo, kwa kuwa walitengeneza ulimbo wa kunasia ndege kutokana na utomvu wa matunda hayo. Mtoto wa Kiafrika aliyewahi kupaka utomvu wa mfenesi kijitini ili anase ndege anaijua kazi hiyo. Linnaeus aliyapenda mafumbo ya namna hii. Mwaka 1758, alipofika kwa ndege, yule anayekula na kusambaza matunda ya kirukia barani Ulaya alimwita Turdus viscivorus, mla Viscum. Ndege na mmea wakafungwa kwa jina moja.

Ufundi huo wa majina mawili ulienea kwa sababu ulimfaa kila mtu: mfamasia, baharia, mkulima na mfanyabiashara. Mahindi, kahawa, mwembe, mbuyu na simba walipitia mikononi mwake. Mwaka 1905 wanabotania waliokutana Vienna waliamua kwamba majina ya mimea yaanze kuhesabiwa tangu kitabu cha 1753. Yaliyotangulia hayana nguvu ya sheria. Ndiyo sababu mtaalamu wa makumbusho ya Nairobi anapobandika kipande cha mmea kwenye karatasi na kukiandikia jina, huandika kwa mtindo wa yule mwana wa kasisi.

Tangu 1741 alikuwa profesa wa Uppsala. Kabla ya hapo, aliporudi nyumbani 1738, alikuwa amefungua kliniki Stockholm na kujipatia riziki kwa kuwatibu vijana maradhi ya zinaa. Alimwoa Sara Lisa Moraea mwaka 1739. Alikuwa mwalimu mwenye mvuto wa ajabu. Matembezi yake ya kukusanya mimea yaliwavuta wanafunzi kwa makumi, nao walirejea mjini jioni kwa tarumbeta na ngoma. Alikuwa pia mwenye majivuno, aliyeandika sifa zake mwenyewe bila haya na kuwawekea kinyongo wapinzani. Johann Siegesbeck, mtaalamu wa St Petersburg, aliyashutumu mafundisho ya waume wengi katika ua moja kuwa ni uchafu usioweza kutoka kwa Muumba. Jina la Siegesbeck limo katika Sigesbeckia, kwekwe la kunata lisilo na thamani, ambalo linaota hata katika mashamba ya Kenya.

Aliitakia nchi yake isiagize chochote ng'ambo. Alijaribu kuipanda Uppsala mimea ya nchi za joto, na mwaka 1763 alifurahi kupokea miche hai ya chai kutoka China. Baridi ya Uswidi haikuipa nafasi. Chai ingesubiri hadi 1903 kuoteshwa Limuru, ambako haikumhitaji profesa wa kuibembeleza.

Kuna kurasa za maisha yake ambazo hazina budi kusomwa polepole. Yeye mwenyewe hakuvuka mipaka ya Ulaya, bali aliwatuma wanafunzi wake duniani, nao aliwaita mitume. Walikuwa kumi na saba, na kadhaa hawakurudi. Tärnström alifia baharini mwa Asia mwaka 1746, na mjane wake akamlaumu profesa; baada ya hapo Linnaeus alipendelea kuwatuma wasiooa. Hasselquist alifia Smyrna, Löfling Venezuela. Peter Forsskål, pengine hodari kuliko wote, aliyekijua Kiarabu na kuikusanya mimea ya Misri na Bahari ya Shamu, alifariki Yemen mwaka 1763 kwa malaria, maradhi yaleyale ambayo mwalimu wake alidhani ameyapatia ufumbuzi. Linnaeus aliupa jina la kijana huyo mmea wenye vinyweleo vya kung'ang'ania, kwa heshima ya ukaidi wake. Waliobahatika walirudi na mizigo. Thunberg na Sparrman walizunguka Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1770, na kitabu cha nyongeza kilichotolewa 1782 na mwana wa Linnaeus, aliyeitwa Carl pia, ndicho kilichokipa jina kirukia cha huko kusini, Viscum capense.

Ukurasa wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1735 Linnaeus alimweka binadamu katika jedwali moja na nyani, jambo la ujasiri lililowakasirisha makasisi. Mwaka 1758 akampa jina Homo sapiens. Lakini hakuishia hapo. Alimgawa binadamu katika mafungu manne kwa mabara na rangi, na kila fungu akalipachika tabia. Mzungu alipata ubunifu na utawala wa sheria. Mwafrika alipata uvivu, ujanja, na kuongozwa na matakwa ya ghafla. Aliyeandika hayo hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliokota masimulizi ya wasafiri. Kwa kirukia alihesabu stameni kwa macho yake. Kwa Mwafrika hakuhesabu chochote. Hata hivyo maneno hayo yalisimama katika jedwali lilelile, kwa Kilatini kilekile, yakiwa na uzito uleule wa sayansi, na vizazi vya baadaye vilivyotaka kuhalalisha utumwa na ukoloni vilikuta uwanja umekwisha lainishwa. Anayemsifu Linnaeus kwa majina ya mimea hana budi kulibeba na hilo.

Na kioja ni hiki: kila spishi huhitaji kielelezo kimoja cha kuirejelea, na mwaka 1959 Mwingereza William Stearn alipendekeza kwamba kielelezo cha Homo sapiens kiwe Linnaeus mwenyewe. Mifupa hiyo imelala chini ya sakafu ya kanisa kuu la Uppsala.

Mfalme wa Uswidi alimpa ukabaila mwaka 1761, akawa Carl von Linné. Miaka ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Alipatwa na kiharusi 1774 na kingine baada ya miaka miwili, akasahau mambo mengi. Yasimuliwa kwamba alisoma vitabu vyake akavisifu bila ya kujua ni nani aliyeviandika. Alifariki Januari 10, 1778. Mwanawe alimfuata 1783. Mwaka uliofuata mjane, aliyekuwa na mabinti wa kuwatunza, aliuza maktaba na mkusanyo wote kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith, na shehena ikasafirishwa hadi London: karatasi za mimea iliyokaushwa zipatazo 14,000, wadudu, makome, vitabu na barua. Waswidi walizinduka wakiwa wamechelewa. Mwaka 1788 Smith alianzisha chama cha wanasayansi kilichopewa jina la marehemu, na hazina hiyo ingali London.

Makundi 24 hayakuishi muda mrefu baada ya mwenye nayo. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu alichapisha mpango wa familia za mimea uliotazama sifa nyingi kwa pamoja badala ya stameni peke yake, na kufikia katikati ya karne ya 19 ule wa kuhesabu ulikuwa umewekwa kando. Kirukia kikaanza safari. Batsch, wa Ujerumani, alikiundia familia yake, Viscaceae, mwaka 1802. Wataalamu wengi waliofuata walikitia pamoja na virukia vyenye maua makubwa ya rangi kali katika familia ya Loranthaceae, ambayo ndiyo ya vile vinavyowavutia chozi katika migunga yetu. Katika miaka ya 1960 uchunguzi wa viinitete na kromosomu ulivitenganisha tena. Kisha ikaja DNA, ikaonyesha kwamba tabia ya kuishi juu ya matawi ya miti ilizuka mara tano, mbalimbali, katika oda hii ya mimea. Kumbe kurukia mti si ukoo, ni riziki tu.

Mwaka 2009 kundi la kimataifa la wanabotania linaloainisha mimea ya maua kwa DNA lilikihesabu Viscum kuwa ndani ya familia ya msandali, Santalaceae. Msandali wa Afrika Mashariki, ambao serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007 kwa sababu ya magendo ya mafuta yake, nao hunyonya mizizi ya miti jirani chini kwa chini; kwa hiyo udugu huo si wa kustaajabisha sana. Wataalamu wengine hawajakubali, na wanaendelea kukiacha kirukia katika Viscaceae. Pande zote mbili, zinapoandika Viscum album, huongeza mbele yake herufi L.